Pua ya Shangazi na Pipa la Bia

Msoma mita aliweka glasi mezani, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Shangazi, samahani, lakini hii bia imeharibika."

Sebule nzima ilikufa ganzi. Kaka yake Shangazi, seremala, alipaliwa na mate yake mwenyewe. Binti wa huyo kaka, aliyemleta msoma mita siku hiyo ili wazee wamwone mchumba wake, alimkanyaga mguu chini ya meza kwa kisigino. Muuguzi wa nyumba ya jirani, aliyekuja kuazima sindano akashikwa mkono akaketishwa, aligundua ghafla kwamba kuna jambo kubwa la kutazama dirishani. Na Breki, mume wa Shangazi, dereva wa lori mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu husimama kidogo kabla ya kila neno, aliinua macho darini akayaacha hukohuko.

Imeharibika! Kwa miaka ishirini na miwili bia ya Shangazi ilikuwa haijawahi kuambiwa hata kwamba ina povu jingi. Na sasa kijana aliyeingia mlangoni kwa mara ya kwanza, viatu vyake bado vina vumbi la njiani, anaiambia imeharibika, tena mbele ya watu.

"Umesemaje, mwanangu?" Shangazi akauliza.

Wanaomjua wanajua kwamba akikuita mwanangu kwa sauti ile nyembamba, ni heri ungekuwa umepanda basi la asubuhi ukaenda zako.

Shangazi huyu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika karakana yenye mashine mbili, yake na ya fundi mwenzake, na mtaa mzima humwita Shangazi, hata watu wanaomzidi umri. Usichanani alikuwa akishona mavazi ya kazi katika kiwanda cha bia, na huko mpikaji mmoja mkongwe, ambaye suruali zake zilichanika kila wiki mahali palepale, alimlipa viraka kwa mafunzo. Alimfundisha kwamba bia kali haina uchawi wowote, ni nafaka nyingi na maji machache. Alimfundisha pia kwamba anayetia sukari sufuriani ili kuongeza ukali ni mvivu, na Shangazi alilishika hilo kama amri. Sukari, husema, ni ya chai.

Basi anavyopika ni hivi. Kilo kumi za kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa, anazisaga kwa mashine ya mkono, zivunjikevunjike tu, zisiwe unga. Anachemsha maji, anayaacha yapoe hadi kipimajoto kiseme sabini na mbili, halafu anateremsha sufuriani mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi alioushona mwenyewe, mshono mara mbili, na kuumiminia kimea chote. Joto linashuka hadi sitini na tano, naye hapo analifunika sufuria kwa blanketi, saa moja na nusu, na ole wake atakayefunua achungulie. Baadaye mfuko unanyanyuliwa, unakamuliwa, na yale maji matamu mazito yanachemshwa saa mbili pamoja na maua machungu ya bia mpaka yapungue. Yakipoa yanaingia kwenye pipa pamoja na hamira, wiki tatu. Kisha chupani, miezi mitatu. Glasi ya kwanza unamsifu Shangazi, ya pili unawasamehe uliogombana nao, ya tatu hakuna aliyewahi kuisimulia.

Na pipa! Pipa lenyewe ni la plastiki nyeupe, lina bomba dogo chini, na umri wake ni sawa na wa bia. Kabla ya kulitumia Shangazi huingiza kichwa chote ndani, mpaka mabegani, akavuta pumzi. Likinuka chochote, hata kwa mbali, analisugua upya kwa maji ya moto na magadi. Lisiponuka kitu ni safi. Pua yake ilikuwa haijamdanganya hata siku moja, na kwa miaka miwili hii pipa lilikuwa safi ajabu, halihitaji hata kusuguliwa. Alikuwa akijisifia jambo hilo.

Sasa elewa kwa nini neno la msoma mita lilimkata maini. Binti huyu wa kaka yake alifiwa na mama akiwa na miaka minne, na Shangazi, ambaye hakujaaliwa mtoto, ndiye aliyemlea, akamshonea kila gauni alilovaa. Tangu mtoto anajifunza kufunga kamba za viatu aliahidiwa, "Siku yako ya kuolewa, watu watakunywa bia yangu mpaka wasahau njia ya kurudi kwao." Harusi ilikuwa imebakiza miezi minne. Piga hesabu ya wiki za pipa na miezi ya chupa utaona kwamba bia hiyo ilikuwa lazima ipikwe kesho yake, Jumapili, ama isahaulike. Kimea kilikuwa kimeshasagwa, kimejaa ndoo mbili chini ya meza ileile waliyoizunguka.

Shangazi akaichukua glasi ya kijana, akanywa mafunda matatu akiwa amemkazia macho. Uchungu wa maua aliuona nyuma ya ulimi. Utamu ulikuwepo. Joto lilishuka kifuani kama kawaida yake.

"Iko vilevile," akasema.

"Hajazoea bia kali, Shangazi," binti akadakia. "Msamehe."

"Siyo ukali," msoma mita akasema, maskini, hajui pa kunyamaza. "Ukali wake ni mzuri. Ni harufu. Inanuka kama... kama bendeji iliyokaa kwenye kidonda. Au tambara la deki ambalo halikuanikwa."

Bendeji! Muuguzi, mtu wa bendeji kwa kazi yake, alifumba macho. Na hapo ndipo Shangazi alipoingiwa na baridi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyebisha. Katika sebule ile, watu wake mwenyewe, hakuna aliyesema "wewe kijana una wazimu."

"Kaka," akasema. "Wewe uliyebeba kreti nzima mwaka jana, na mwaka juzi kreti nzima. Ikoje?"

Seremala akajikuna shingo. "Ina... ladha yake ya peke yake."

Mtu aliyeshona kola elfu kadhaa anaijua iliyokwenda upande hata kabla haijapigwa pasi. Shangazi aliinuka, akavaa ndala, akatoka. Hakuaga. Alivuka uwanja hadi kwenye karakana ya kaka yake, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna anayethubutu kumshika mkono. Alifungua mlango wa stoo, akasogeza mbao, akavuta turubai ambalo kaka hufunikia asivyotaka vionekane.

Kreti mbili. Chupa zake, kila moja na kitambaa kidogo shingoni alichokidarizi tarakimu za mwaka kwa uzi mwekundu, zimepangwa kwa adabu, zimefunikwa vumbi. Alizihesabu kwa kidole. Za mwaka juzi zilikuwa ishirini na nne, zote. Za mwaka jana zilikuwa ishirini na tatu.

"Hii moja uliinywa," akasema, na sauti yake ilikuwa na matumaini kiasi kwamba hata muuguzi alitazama chini.

"Hapana, dada," akasema seremala. "Nilijaribu kutolea rangi ya zamani kwenye meza."

"Ikatoka?"

"Ilitoka vizuri sana."

Shangazi akageuka taratibu kumtazama muuguzi, ambaye alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mimi zangu niliziweka chini ya ngazi, Shangazi. Mbili zilipasuka zenyewe. Tulidhani ni wezi wanavunja dirisha, mume wangu akatoka na mwiko."

"Miaka miwili," Shangazi akasema. "Miaka miwili mnanishukuru! Mlikuja nyumbani kwangu mkasema tamu. Wewe kaka ulisema ya safari hii imepita zote!"

"Ulikuwa umeshasema wewe kwanza," kaka akanong'ona.

Na ni kweli. Tuseme haki: nani angemwambia? Mwanamke aliyewahi kumrudisha bwana harusi nyumbani siku ya harusi yake kwa sababu suruali aliyoshonewa na fundi mwingine ilimpwaya? Walimwogopa, wakampenda, wakamvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mtaani kichwa juu. Alipolifikiria hilo, uso ulimwaka hadi masikioni.

Msoma mita alikuwa amesimama karibu na meza ya randa, jasho linamtoka. Kama angekuwa na akili ya kawaida angekimbia. Badala yake akauliza, "Shangazi, uliwahi kuumwa homa kali? Miaka ya karibuni?"

"Homa gani? Nani ameuliza habari ya homa?"

"Mama yangu aliumwa homa, akapona, akabaki anatia chumvi mara tatu. Anasema chakula cha siku hizi hakina maana."

Binti akasema polepole, "Shangazi aliumwa. Miaka miwili iliyopita. Wiki mbili hakuinuka."

"Nikapona!" Shangazi akafoka. "Nimepona kabisa. Mimi mzima kama mnavyoniona."

"Naomba ufumbe macho," msoma mita akasema. "Nitaweka kitu karibu na pua, wewe utaniambia ni nini."

Alifumba, kwa hasira tu, ili amwaibishe. Aliwasikia wanapumua, akasikia kuku anaparura nje, akasubiri. Akasubiri tena.

"Haya, weka basi," akasema. "Nitasimama hapa mpaka lini?"

"Nimeshaweka, Shangazi."

Alifungua macho. Kopo la tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, lilikuwa wazi chini ya pua yake, karibu sana hadi ukingo wake uligusa mdomo wa juu. Wengine wote walikuwa wamerudi nyuma hatua mbili, machozi yanawatiririka. Yeye alivuta pumzi kwa nguvu, mpaka kifua kikajaa, na ilikuwa hewa tu, hewa ya baridi isiyo na kitu.

Akakaa juu ya gogo. Watu wazima wanne walisimama wamemzunguka, hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanaanguka moja baada ya jingine. Vitunguu. Kwa miaka miwili amekuwa akilalamika kwamba vitunguu vya siku hizi havina nguvu, nao wakimjibu kweli Shangazi, mbegu zimebadilika. Sabuni imechakachuliwa. Maua aliyoletewa na wazazi wa wanafunzi yalikuwa ya bandia au yamekaa sana. Aliwagombeza wauzaji! Alimrudishia mtu samli! Na kisha, mwisho wa yote, pipa. Aliingiza kichwa ndani ya pipa, akavuta, halikunuka kitu, akasema ni safi. Kwa pua yake lisingenuka kitu hata kama ndani yake angelala paka aliyekufa. Uchafu wa miaka miwili ulikuwa umejibanza kwenye mikwaruzo ya plastiki na ndani ya bomba, yeye anausifia.

"Mungu wangu," akasema. "Kesho ningepika ya harusi."

Hapo ndipo alipomtafuta Breki. Breki alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Na wazo lililomjia Shangazi sasa lilimtisha kuliko tapentaini. Kaka alificha chupa, muuguzi alificha chupa. Lakini Breki alikuwa anakunywa. Kila Jumapili mchana, baada ya kula, wanakaa barazani, yeye Shangazi glasi yake ndogo, Breki chupa nzima, na chupa ya Breki hurudi jikoni tupu.

"Wewe ulikuwa unainywa," akasema.

Breki akasimama kidogo, kama desturi yake. "Ndiyo."

"Ilikuwa mbaya?"

Safari hii alisimama muda mrefu zaidi. "Mbaya sana, mke wangu."

"Ukaimaliza? Kila wiki? Kwa nini usiimwage kwenye maua?"

"Ulikuwa unaniangalia."

Ingekuwa ni hadithi ya mtu mwingine, hapa mke angemkumbatia mumewe. Shangazi alimrushia kopo la gundi. Lilimkosa, likagonga mlango. Alimwambia kwamba angewaacha watu mia mbili wanywe maji ya bendeji siku ya binti yao, kwa ajili ya upole wake wa kijinga. Alimwambia kwamba mtu anayekudanganya kila Jumapili kwa tabasamu hana tofauti na anayekuibia. Kisha akalia, kwa sauti, hajali nani yupo, na binti akapiga magoti akamshika magoti yake.

"Shangazi, tuache bia. Watu watakunywa soda. Mimi sitajali."

"Mimi nitajali," Shangazi akasema.

Asubuhi ya Jumapili alilitoa pipa nje, akachemsha maji, akamwaga magadi, akasugua mpaka mabega yakamuuma. Hakumwita mtu. Alipomaliza alilisuuza, akaligeuza, akaligeuza tena. Halafu akasimama mbele yake na kuelewa kitu ambacho jana, katika kelele, hakukielewa. Hawezi kujua. Asugue hadi kesho, hawezi kujua. Lazima amuulize mtu, na watu wote alionao ni waongo kwa mapenzi, na yule wa karibu kuliko wote ndiye aliyedanganya kwa muda mrefu kuliko wote.

"Breki!" akaita. "Njoo uingize kichwa."

Breki akaja, akavua kofia, akaingiza kichwa pipani. Mgongo wake ulipanda na kushuka mara mbili. Shangazi aliyakodolea macho mabega yale kana kwamba yatamwambia kitu. Alijikuta ameshika brashi kwa mikono miwili.

"Linanuka," ikatoka sauti pipani.

Akasugua tena. Maji mengine, magadi mengine, akafungua bomba akalichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia. "Haya."

"Bado."

Mara ya tatu vidole vilikuwa vimejikunja, ngozi nyeupe. "Haya, sasa?"

Breki alitoa kichwa, akamtazama, na Shangazi aliona jinsi jibu lile la miaka miwili lilivyomjia mume wake mdomoni, likiwa tayari, limezoea njia. Alimwona akilimeza.

"Bado," akasema.

"Sana?"

"Kidogo. Lakini lipo."

"Watu watajua?"

"Mimi nitajua. Litupe."

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa Breki hakuwahi kumwambia Shangazi tupa. Shangazi alipigwa na butwaa hata akasahau kukasirika. Alilitazama pipa, akalikokota mwenyewe mpaka kwenye jalala la nyuma, na msoma mita, aliyekuwa amejileta asubuhi hiyo amevaa shati safi la kuombea msamaha, alitumwa dukani kutafuta jipya kabla hata hajasalimia vizuri.

Kimea hakingojei mtu. Maji yalifika sabini na mbili, mfuko ukateremshwa, nafaka ikaingia, joto likatulia pale linapotakiwa, blanketi likafungwa. Wakabaki wawili jikoni na saa moja na nusu ya kungoja.

"Kinanukaje?" Shangazi akauliza.

Breki aliinama juu ya blanketi. "Kama mkate, kabla haujaingia kwenye oveni. Na chini yake kuna kama... majani makavu yaliyonyeshewa. Ni safi. Mke wangu, hiki ni safi."

Alimwamini. Alishangaa jinsi alivyomwamini, baada ya lile linanuka na zile bado mbili. Mvuke ulikuwa unatoka kidogo ukingoni, na Shangazi aliutazama mvuke ule usiomwambia lolote, akaanza kufikiria vitu vingine vyote ambavyo havimwambii lolote. Ghafla akashika kola ya gauni lake.

"Na mimi?" akasema. "Mimi nanukaje?"

Breki alisimama kidogo. Kisha kidogo kikawa kirefu.

"Breki!"

"Marashi," akasema Breki. "Mengi. Mengi mno, mke wangu. Tangu ile homa unajimwagia tu. Fundi mwenzako alipohamishia cherehani yake dirishani, wewe ulisema anatafuta mwanga."

Shangazi aliufunika uso wake kwa viganja. Mabega yalianza kumtikisika, na Breki hakujua kama ni kilio au kicheko, na hakujua pia kwamba hata mwenye mabega hakujua. Alipoiondoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Nini kingine?" akasema. "Sema. Sema yote, usiniachie hata moja."

Breki akavuta ndoo tupu ya kimea, akaigeuza chini juu, akaketi.